Fundi Mpya wa Mabomba, Pima Saa Zako

Milima yetu ya Uluguru haina upungufu wa maji. Mto Mgeta unatoka huku. Mto Ngerengere unatoka huku. Mto Ruvu, ambao maji yake yanatumika hadi Dar es Salaam, unapata sehemu kubwa ya maji yake huku. Lakini maji ya mtoni si maji ya nyumbani. Wakati wa kiangazi mama anashuka korongoni na ndoo tupu, anapanda na ndoo iliyojaa. Akifika nyumbani amechoka, na kazi za siku bado zinamngoja.

Ili maji yafike nyumbani lazima kuwe na bomba. Na bomba halijiungi lenyewe. Lazima kuwe na fundi.

Leo nataka kuzungumza na vijana waliomaliza mafunzo ya kuchomelea mabomba ya chuma. Nataka pia kuzungumza na wazazi wao, na wajumbe wa jumuiya za watumia maji wanaowaajiri. Nitazungumza juu ya jambo moja tu: fundi mpya atafanyaje ili kazi yake iende haraka zaidi bila kuharibika?

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kabichi, nyanya, viazi na mbuzi wa maziwa. Sikujifunza kuchomelea chuma. Lakini niliona jambo kwa macho yangu, nikaliandika katika daftari langu. Fundi mzee mwenye ujuzi alinieleza mengi. Haya ninayoyaandika ni yale niliyoyaona na yale aliyonifundisha.

KIJANA ALIYECHELEWA

Ilikuwa kiangazi, upande wa Mgeta. Kijiji kimoja kilikuwa kinajenga bomba la maji kutoka kwenye chemchemi. Mahali pengi walilaza bomba la plastiki chini ya udongo. Lakini palikuwa na korongo lenye mawe, upana wake mita 48. Hapo plastiki haifai. Mawe yanaikwaruza, jua linaidhoofisha, na mafuriko yanaikata. Kwa hiyo kijiji kilinunua mabomba 8 ya chuma ya inchi 4. Kila moja lilikuwa na urefu wa mita 6.

Tufanye hesabu pamoja. Mabomba 8 yakiungwa kwa mstari mmoja yana viungo 7. Kila mwisho unataka sahani ya chuma yenye matundu ya bolti, nayo inachomelewa. Hivyo ni viungo 2 zaidi. Jumla ni viungo 9. Baada ya hapo wanakijiji wangevuta bomba zima kwa kamba, walivushe korongo, walilaze juu ya nguzo na kulifunga kwa bolti.

Kazi ya viungo hivyo alipewa kijana wa hapo hapo kijijini. Alikuwa ametoka chuo cha ufundi miezi michache tu iliyopita. Mjomba wake aliuza mbuzi ili kulipa karo yake. Kijiji kizima kilimjua, na kijiji kizima kilikuja kumtazama.

Jenereta ilikodiwa kwa siku 3. Siku ya kwanza kijana aliunga viungo 2. Jioni watu walianza kunung'unika. Mzee mmoja alisema, "Kwa mwendo huu, pesa yetu yote italiwa na jenereta." Kijana alisikia. Usiku hakulala vizuri.

Siku ya pili alikuja na haraka. Aliongeza umeme kwenye mashine, akakimbiza mkono. Jioni alikuwa ameunga viungo 4. Watu walifurahi. Mjomba wake alitembea kifua mbele.

Siku ya tatu asubuhi fundi mkuu alifika kutoka kwenye tangi, ambako alikuwa anafanya kazi nyingine. Aliziba miisho ya mabomba yaliyoungwa, akayajaza maji, akasukuma kwa pampu ya mkono. Maji yalitoka kwenye viungo 3. Vyote vitatu vilikuwa vya siku ile ya haraka.

Siku nzima ya tatu iliishia katika kukata na kusaga viungo vibovu. Jua lilipozama, vilibaki viungo 3 vizuri tu. Siku za jenereta zilikuwa zimekwisha. Jumuiya ya watumia maji ilikaa usiku. Wengine walitaka kijana aondolewe, aletwe fundi kutoka mjini. Kijana alikuwa amekaa nje, kichwa kati ya magoti.

Fundi mkuu aliwaambia wajumbe, "Nipeni siku 2. Huyu mkono wake ni mzuri. Hajui saa zake zinakwenda wapi."

DAFTARI NA SAA

Siku ya nne asubuhi fundi mkuu aliniita. Alisema, "Bwana Shamba, wewe una saa na daftari. Kaa hapa. Kijana ataunga kiungo kimoja kama alivyozoea. Wewe andika kila anachofanya na dakika zake."

Nilikaa juu ya jiwe nikaandika. Kiungo kile kimoja kilichukua saa 3, yaani dakika 180. Zilikwenda hivi:

Kutafuta na kufuata vifaa: dakika 40.
Kusaga kingo za mabomba: dakika 35.
Kulinganisha mabomba yakae mstari mmoja: dakika 45.
Kuunga kwa moto: dakika 20.
Kugonga na kusugua takataka za mshono: dakika 15.
Kurudia mahali palipokosewa: dakika 25.

Kijana aliposomewa hesabu hii hakuamini. Alidhani anachelewa kwa sababu mkono wake ni mzito katika moto. Kumbe katika saa 3 moto uliwaka dakika 20 tu. Siku ya pili alikuwa amejaribu kupunguza dakika hizo 20, ambazo ndizo zilizokuwa zinafanya kazi yenyewe. Zile dakika 160 nyingine hakuzigusa.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye somo. Fundi mpya akiambiwa aongeze kasi, hukimbilia kuharakisha moto. Lakini moto una mwendo wake. Ukiuharakisha, chuma hakiyeyuki hadi ndani. Kasi ya fundi inapatikana katika muda ule ambao moto hauwaki.

Sisi wakulima tunalijua jambo hili. Mtu anayehamisha miche ya kabichi kwa haraka si yule anayeichomeka ardhini kwa nguvu. Ni yule aliyevuta kamba, akachimba mashimo, akatia samadi na kuweka maji karibu kabla ya kung'oa mche wa kwanza.

KWA NINI VIUNGO VILIVUJA?

Fundi mkuu alikata vile viungo 3 vibovu, akamwonyesha kijana ndani yake. Nami nilitazama.

Kiungo cha kwanza hakikuwa na mwanya. Kijana aliyabana mabomba mawili mpaka yakagusana. Chuma kiliyeyuka juu tu, na ndani ukabaki ufa.

Kiungo cha pili kilikuwa na takataka zilizofunikwa. Fimbo ya kuchomelea inapoyeyuka huacha ganda juu ya mshono. Ganda hilo lazima ligongwe kwa nyundo na kusuguliwa kwa brashi ya waya kabla ya kupitisha mshono mwingine. Kijana aliruka hatua hiyo ili aokoe dakika 3. Dakika hizo 3 zilimgharimu nusu siku.

Kiungo cha tatu kilikuwa na vitundu vidogo vidogo, kama mkate. Fimbo zake zilikuwa zimelala nje usiku. Huku kwetu ukungu hushuka kila jioni. Fimbo za aina ile hazitaki unyevu hata kidogo. Unyevu ukiingia katika moto hutoa hewa, na hewa hiyo huacha vitundu ndani ya chuma. Unaweza pia kuleta nyufa.

Waswahili husema haraka haraka haina baraka. Ni kweli. Lakini fundi mkuu aliongeza lake: "Na polepole ya kutafuta nyundo nayo haina baraka."

MAMBO SABA YALIYOLETA KASI

Mchana wa siku ile hatukuwasha jenereta. Tulipanga kazi. Haya ndiyo mambo tuliyofanya, na kila fundi mpya anaweza kuyafanya.

1. Vifaa vikae mahali pamoja. Tulitandika turubai karibu na mashine. Juu yake tukaweka nyundo, brashi ya waya, tupa, rula, klampu, chaki, glavu na fimbo. Kila kitu kilipewa mahali pake. Fundi akinyoosha mkono anakipata bila kusimama. Kikitumika kinarudishwa pale pale. Jambo hili dogo lilipunguza dakika 40 zikawa 5.

2. Kazi za aina moja zifanywe pamoja. Kijana alikuwa anasaga kingo mbili, anaunga, kisha anarudi kusaga tena. Kila mara alibadilisha waya, glavu na miwani. Fundi mkuu alimwambia asage kingo zote kwanza. Mkono ukizoea kusaga, kila ukingo unakuwa rahisi kuliko uliotangulia.

3. Kingo ziwe sawa. Ukingo wa bomba husagwa kwa mshazari wa nyuzi 30 hadi 35. Mabomba mawili yakikutana yanafanya mfereji wenye umbo la herufi V. Chini ya mfereji huo unaachwa uso mdogo usiosagwa, kiasi cha milimita 1 na nusu hadi 2. Sugua pia kutu, rangi na mafuta, nje na ndani, mpaka chuma king'ae. Fundi anayesaga vizuri hapotezi muda mbele.

4. Tumia kilalio. Kijana alikuwa analaza mabomba juu ya mawe. Akiinua upande huu, upande ule unashuka. Tulichukua chuma kirefu chenye umbo la V, tukakilaza chini na kukiimarisha. Mabomba mawili yakilazwa ndani yake yanajipanga yenyewe. Kwa mwanya, fundi mkuu alikunja waya wa milimita 3, akauweka katikati ya mabomba. Ukishashikiza, unachomoa waya. Kulinganisha kulishuka kutoka dakika 45 hadi 15.

5. Shikiza mahali 4. Kabla ya kuunga, weka vipande vifupi vya mshono mahali 4, kila kimoja kiasi cha sentimita 2. Usivifuate kwa mzunguko. Weka cha kwanza juu, cha pili chini, cha tatu kushoto, cha nne kulia, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari. Ukifanya hivyo bomba halipindi. Kisha saga miisho ya vipande hivyo iwe myembamba, ili mshono uingie na kutoka bila kukwama.

6. Geuza bomba, usijigeuze wewe. Kuchomelea chini ya bomba, kichwa kimeinama na cheche zinadondoka, ni kazi ngumu na ya polepole. Kama bomba linaweza kuviringishwa, mpe msaidizi alizungushe kidogo kidogo, wewe uunge sehemu ya juu tu. Mabomba 8 yanaweza kuungwa kwanza mawili mawili. Hapo viungo 4 vinafanywa kwa kuviringisha. Kijana alikuwa ameunga vyote huku bomba limesimama tuli.

7. Jaribu mashine kwenye chuma kibovu kwanza. Fimbo ya milimita 2 na nusu kwa kawaida hutaka ampea 60 hadi 90. Fimbo ya milimita 3.2 hutaka ampea 90 hadi 130 hivi. Soma boksi la fimbo, kwa maana kila aina ina kipimo chake. Choma mistari miwili mitatu kwenye kipande cha bomba kibovu. Sikiliza sauti. Tazama mshono. Ukiridhika, ndipo ushike kazi ya watu.

Juu ya fimbo kuna jambo la kukumbuka. Zipo fimbo zinazotaka kukaushwa kwa joto na kuhifadhiwa kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Zipo nyingine, zenye ganda la selulosi, ambazo zikikaushwa sana zinaharibika. Usizitunze zote kwa namna moja. Maelezo ya boksi ndiyo mwalimu wako.

SIKU YA TANO

Siku ya tano jenereta iliwashwa saa 2 asubuhi. Nilikaa tena juu ya jiwe langu na daftari. Zilikuwa zimebaki kazi za viungo 5. Kiungo kimoja kilichukua, kwa wastani, dakika 75. Zilikwenda hivi:

Vifaa: dakika 5.
Kusaga: dakika 20.
Kulinganisha: dakika 15.
Moto: dakika 18.
Kusafisha: dakika 12.
Kurudia makosa: dakika 5.

Tazama mstari wa moto. Jana dakika 20, leo dakika 18. Mkono wa kijana haukubadilika sana. Lakini saa 3 zilikuwa zimekuwa saa 1 na robo. Viungo 5 kwa dakika 75 ni dakika 375, yaani saa 6 na robo. Kabla ya jua kuzama kazi yote ilikuwa imekwisha, na kijana alipata muda wa kula.

Siku ya sita fundi mkuu alijaribu bomba zima. Kutoka kwenye chemchemi hadi korongoni maji yalikuwa yanashuka mita 60. Kila mita 10 za kushuka huongeza msukumo wa bar 1 hivi. Kwa hiyo pale korongoni msukumo ungekuwa bar 6. Kipimo cha majaribio ni mara moja na nusu, yaani bar 9. Alijaza maji, akatoa hewa yote, akasukuma pampu mpaka mshale ukasimama kwenye 9. Tulingoja. Mshale haukusogea. Kijana alizunguka kila kiungo akipapasa kwa kiganja. Vyote vilikuwa vikavu.

Mchana wanakijiji walivuta kamba. Bomba lilivuka korongo. Jioni maji yalitoka kwenye bomba la shule. Yule mzee aliyenung'unika siku ya kwanza alinawa uso, akamwendea kijana. Alisema, "Mwanangu, na bomba la zahanati utalifanya lini?"

KATIKA MABOMBA MAREFU

Pengine utasema hayo ni ya korongo dogo. Basi tutazame bomba kubwa linalopita katika mkoa wetu wa Morogoro. Ni bomba la TAZAMA, linalotoka Dar es Salaam hadi Ndola nchini Zambia. Urefu wake ni kilomita 1,710. Lilikamilika mwaka 1968, wakati Zambia ilipohitaji njia ya mafuta isiyopita Rhodesia. Lilijengwa kusafirisha mafuta ghafi, na tangu mwaka 2023 linasafirisha dizeli.

Fanya hesabu. Kama kila kipande kina mita 12, kilomita 1,710 zina viungo zaidi ya 140,000. Viungo vingi namna hiyo vinafanywaje?

Katika mabomba marefu kazi hugawanywa. Kundi la kwanza hulinganisha mabomba na kupitisha mshono wa ndani kabisa, kisha husogea mbele. Kundi la pili hufuata na mshono wa pili. Makundi mengine hujaza mfereji, na la mwisho hufunga juu. Hakuna fundi anayengoja vifaa. Hakuna anayebadilisha kazi kila dakika. Ni kanuni ile ile ya turubai letu la Mgeta, ila imepanuliwa kwa kilomita nyingi.

Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima nchini Uganda hadi Tanga nalo lina urefu wa kilomita 1,443. Vijana wengi wanatamani kazi za namna hii. Ni vizuri. Lakini wajue kwamba katika mabomba ya mafuta na gesi fundi hupewa mtihani kwanza, na viungo vyake hupimwa kwa vyombo vinavyoona ndani ya chuma. Kiungo kilichofanywa haraka na kikakataliwa huhesabiwa kuwa hasara. Anayetakiwa huko ni fundi ambaye viungo vyake vinapita mara ya kwanza.

USIPUNGUZE USALAMA

Fundi mpya akitaka kasi hushawishika kuacha kinga. Usifanye hivyo hata siku moja.

Usichomelee bila ngao ya uso yenye kioo cheusi. Mwanga ule huunguza macho. Usiku utahisi kama yametiwa mchanga, na kesho hutaweza kufanya kazi. Wakataze pia watoto kutazama.

Usishike mashine ukiwa na glavu zilizoloa au umesimama kwenye maji. Mvua ikianza, zima.

Fyeka nyasi kavu kuzunguka mahali pa kazi, na uweke ndoo ya maji na mchanga. Cheche moja wakati wa kiangazi inaweza kuunguza shamba la jirani, hata msitu unaotunza chemchemi zetu.

Jihadhari na mabomba yaliyopakwa zinki, yale meupe yanayong'aa. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe. Ukiuvuta, jioni unaweza kupata homa na kutetemeka kama mwenye malaria. Mabomba hayo kwa kawaida huungwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Kama ni lazima kuyachomelea, ondoa zinki kwanza kwenye kingo, fanya kazi mahali penye upepo, na usikae kwenye njia ya moshi.

LA KUFANYA KUANZIA LEO

Kijana uliyetoka chuoni, nunua daftari dogo. Kila kiungo unachounga, andika dakika zako kama nilivyoonyesha. Fanya hivyo kwa wiki moja. Utaona mwenyewe muda wako unapotelea wapi. Kisha chagua jambo moja tu la kurekebisha. Likikaa sawa, chagua la pili. Usitake kurekebisha yote kwa siku moja.

Siku ambayo huna kazi, fanya mazoezi bila umeme. Shika fimbo, vaa ngao, zunguka bomba kwa mkono kutoka chini hadi juu. Jifunze mahali pa kuweka kiwiko na mahali pa kuweka mguu. Mwili ukitulia, mkono hautetemeki.

Kama bado huna ujuzi na unautaka, mafunzo ya kuchomelea yanatolewa katika vyuo vya ufundi vya VETA. Uliza ofisi ya kata au ofisi ya VETA iliyo karibu.

Nanyi wajumbe wa jumuiya za watumia maji, msimhesabu fundi kwa viungo vya jioni. Mhesabuni kwa viungo vilivyopita majaribio ya maji. Mkimlipa kwa kiungo kilichopita, hatakuwa na sababu ya kukimbiza moto. Na kabla ya kukodi jenereta, hakikisheni mabomba, fimbo, kilalio na msaidizi vimekwisha kuwa tayari. Jenereta isimngoje fundi, na fundi asingoje nyundo.

Yule kijana bado yuko kijijini kwake. Daftari nilimwachia. Niliporudi kukagua vitalu vya kabichi nilimkuta anamfundisha kijana mwingine. Alikuwa hajawasha mashine. Alikuwa anatandika turubai.

JADILINI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini viungo vya siku ya pili vilivuja?
2. Katika kazi yako ya shamba au ya ufundi, ni dakika ngapi zinapotea kabla kazi yenyewe haijaanza?
3. Kijiji chenu kikitaka kujenga bomba, ni vitu gani viwe tayari kabla fundi hajaitwa?